Kabla hujamnunulia mzee kiti mwendo, anza na hivi

Mzee akianza kuyumbayumba kidogo tu akili za watu zinakimbilia kiti mwendo, ndugu wanachanga, kinaletwa kipya kabisa, baada ya muda ukienda unakuta kimegeuka cha kuwekea nguo manake hakipiti mlango wa choo na mwenyewe hakitaki. Mi nimepanga vifaa vya kumsaidia mzee nyumbani, cha muhimu zaidi kikianza, kwa swali moja tu, je kitamfanya aendelee kujifanyia mambo yake bila kuanguka? Na kuanguka sio jambo dogo, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo, na wanaoongoza ni waliovuka miaka 60.

Namba moja kwangu ni vyuma vya kushikilia, vya bafuni na chooni, na sioni mshindani. Maji, sabuni, tailizi, kuinama na kuinuka vyote viko chumba kimoja, alafu mzee yuko peke yake na mlango kafunga. Nunua chuma kinachofungwa kwa skrubu kwenye tofali au zege, kama ukuta ni wa mbao au jasi basi fundi atafute mhimili wa ndani afunge hapo, sio kutoboa popote. Unene wa sentimita 3 hadi 4 unashikika vizuri, kikizidi sana vidole vyenye yabisi havizunguki. Viwango vya Marekani vinataka kihimili kama kilo 113 na kikae sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, anzia hapo ila usitoboe kabla mzee hajaingia na nguo zake akakuonyesha anavyokaa na anavyoinuka. Na kabla hata hujamuuliza we angalia ukuta, utakuta sehemu rangi imeingia weusi wa viganja, ndo pale anapojishikilia siku zote, chuma kikae hapo hapo. Vile vinavyonata kwa mipira ya kunyonya ukuta sivipendekezi kwa mtu anayeegemea kwa uzito wake wote, vinaachia ghafla bila dalili. Na kile cha kutundikia taulo sio chuma cha kushikilia jamani, mtu mzima akikivuta kinakuja na plasta yake.

Cha pili ni kiti cha kuogea pamoja na kiti cha kuinulia choo. Hiki cha choo kinaongeza kama sentimita 5 hadi 15 juu ya choo cha kukaa, na kwa mwenye magoti mabovu hizo sentimita ndo tofauti ya kuinuka mwenyewe na kumwita mjukuu aje amvute, na hakuna mzee anayependa kuitana akiwa chooni. Chukua chenye mikono pembeni na kinachofungwa vizuri, visivyofungwa vinachezacheza. Kama choo ni cha kuchuchumaa kuna viti vya miguu minne vyenye tundu katikati, unakiweka juu yake yamekwisha. Akikaa nyayo zote ziguse chini, kama zinaning'inia umeinua mno. Cha kuogea angalia raba za miguu na uzito kinaobeba, huwa umeandikwa.

Tatu ni taa ndogo inayowaka yenyewe mtu akipita, iwekwe kati ya kitanda na choo. Ni rahisi kuliko vyote humu na nashangaa watu wanavyoiruka, usiku mzee anaamka haraka, kichwa kinazunguka kwa sababu presha inashuka mtu akisimama ghafla, hasa kama ana dawa zake za presha, alafu bado aanze kupapasa swichi gizani. Kile kizulia kinachotembeatembea mlangoni kitoe, hiyo bure.

Nne, mkongojo. Hapa watu wanapigwa kwa urefu. Mzee asimame na viatu vyake vya kila siku, mikono ameiachia, kishikio kifike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, akishika kiwiko kinakunjika kidogo. Ukiwa mrefu bega linapanda, mfupi anainama mbele na mgongo unalipa. Nunua wa kurekebishika. Anashika mkono wa upande wa pili na mguu unaouma, najua wengi wanafanya kinyume. Raba ya chini ikiwa laini haina mistari tena badilisha, mkongojo bila raba kwenye tailizi yenye maji bora asishike kitu. Wa miguu minne chini ni mzuri kama anatembea pole pole na zote nne zinagusa, akitembea haraka unamtega.

Tano ni woka, ile fremu ya chuma ya miguu minne anayoishika kwa mikono miwili akitembea. Isiyo na magurudumu imetulia kuliko zote ila lazima ainyanyue kila hatua, yenye mawili mbele anaisukuma tu, kwa wengi ndani ya nyumba ndo naona inafaa. Ile ya magurudumu manne yenye breki na kikalio inavutia, lakini ni ya mtu anayechoka haraka ila bado anajimudu kusimama, anayeiegemea inamkimbia. Mpe abane breki mwenyewe kabla hamjalipa, na pima milango.

Kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni nakiweka sita kwa sababu kinasaidia akishaanguka, hakizuii. Kiwe hakiingii maji avae hadi bafuni, na uhakikishe upande wa pili kuna mtu anayepokea kweli.

Kiti mwendo ndo cha mwisho, kwa ambaye miguu imegoma au safari ni ndefu. Anayekaa kutwa wakati bado anaweza kutembea miguu inazidi kulegea. Kama mnanunua, upana ukaribiane na nyonga zake, nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu, na mto mzuri wa kukalia usiuache dukani, vidonda vya kukaa vinaanza kimya kimya. Vyenye magurudumu madogo nyuma ni vya kusukumwa tu, kama mikono yake ina nguvu chukua vyenye makubwa ajiendeshe.

Reli za pembeni ya kitanda sijazipanga makusudi. Mzee aliyechanganyikiwa anaweza kunasa kati ya reli na godoro, au akazipanda akaanguka kutoka juu zaidi. Shusha kitanda badala yake.