Nimeunda Whippet ya plastiki: uzoefu wangu na modeli ya kifaru cha 1918

Wapenzi wengi wa modeli za vifaru hukimbilia vile vya Vita vya Pili vyenye mizinga mirefu. Mimi nimeagiza Whippet, kifaru cha kati cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, kipimo cha 1/35, yaani kidogo mara 35 kuliko chenyewe. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, imenitoka kama laki na nusu. Si hela ndogo kwa kitu cha kuweka kabatini, lakini sijutii. Minyororo, ile mikanda ya pembeni ambayo kifaru hutembelea, ndiyo itakutoa jasho.

Plastiki yenyewe ni safi, haina mabaki mengi ya kukwangua, na vichwa vya ribiti vimetokeza hadi ukipitisha kucha unavisikia kimoja kimoja. Kikikamilika kina urefu wa sentimita 17 na ushee, maana chenyewe kilikuwa na mita 6.1. Mzinga hakina. Mbele kuna pua ndefu, nyuma kibanda cha chuma chenye matundu manne ya bunduki za rashasha aina ya Hotchkiss. Sampuli ya kwanza ya William Tritton, wa kiwanda cha William Foster kule Lincoln, ilikuwa na kichwa kinachozunguka. Kwenye vile 200 vilivyotolewa kiwandani kichwa kikaondolewa. Jaribu kufikiria watu watatu ndani ya kibanda hicho: mmoja anaendesha, waliobaki wanahamahama tundu hadi tundu kulingana na adui alipo.

Raha yote iko kwenye injini. Ziko mbili, za Tylor, nguvu farasi 45 kila moja, za aina iliyokuwa ikivuta mabasi ya ghorofa ya London. Kila injini ina giaboksi yake na inazungusha mnyororo wa upande wake. Usukani umeunganishwa na mafuta ya injini zote mbili: ukikata kona, moja inaongezewa na nyingine inapunguziwa. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye matope ya Ufaransa, injini moja ikizima ghafla, kifaru cha tani 14 kinageuka chenyewe bila kukuuliza. Nilipokuwa nagundisha vile vijiti vya usukani nikawaonea huruma madereva. Kwa bahati mbaya, ukishafunga boneti huoni kitu tena, kwa hiyo mimi vifuniko vya pembeni sikuvigundisha.

Malalamiko sasa. Karatasi ya maelekezo imekosea namba za vipande vya mkono wa kushoto na kulia, kwa hiyo pima kikavu, yaani jaribu kuunganisha vipande kabla ya gundi. Minyororo ni pingili mojamoja, na vishikio vyake ni vyembamba mno. Kibano kikiteleza tu, umevunja. Anayeanza kuunda modeli asianzie hapa.

Stika zinakupa vifaru kadhaa vya kuchagua, ila hakuna hata mstari mmoja wa kueleza ni vya nani, na hapo watengenezaji wamejipunja wenyewe. Kifaru namba A259, kwa jina Caesar II, ni cha Luteni Cecil Sewell. Tarehe 29 Agosti 1918, karibu na Frémicourt kule Ufaransa, Whippet ya wenzake ilipinduka ndani ya shimo la bomu na mlango ukabanwa na udongo. Sewell akashuka chini ya risasi, akafukua hadi wakatoka. Aliporudi kumhudumia dereva wake aliyejeruhiwa, akauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa, na kifaru chenyewe kiko kwenye jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington, Uingereza.

Mimi nimechagua A344, Musical Box, cha Luteni Clement Arnold. Tarehe 8 Agosti 1918, vita vya Amiens, Whippet zilipangiwa kwenda pamoja na askari wa farasi. Mpango wa ajabu: mahali pa wazi farasi waliziacha mbali, rashasha zikianza farasi hawasogei. Musical Box ikabaki peke yake nyuma ya mistari ya Wajerumani, ikanyamazisha mizinga yao na kutawanya misafara kwa saa nyingi. Makopo ya petroli ya akiba yaliyofungwa nje yalitobolewa na risasi, mafuta yakachuruzika ndani, wakawa wanavuta hewa kupitia vinyago vya gesi. Mwishowe kikawaka moto. Dereva Carney alipigwa risasi walipotoka. Arnold na mpiga rashasha wake, Ribbans, wakatekwa.

Makopo hayo hayamo kwenye boksi! Unauza stika za Musical Box bila makopo? Nimeyakata kutoka kwenye fremu za plastiki zilizobaki, nikayatoboa kwa sindano ya moto.

Rangi nimepiga kahawia yenye kijani kidogo, na mistari myeupe-myekundu-myeupe mbele ili wenzao wasiwapige. Stika zinakaa vizuri juu ya ribiti ukitumia maji ya uvuguvugu.

Ningeomba waongeze stika za ile moja iliyoletwa Afrika Kusini, ikatumika Johannesburg mwaka 1922 dhidi ya wachimba migodi waliogoma. Bado ipo Pretoria. Boksi la pili nimeshaagiza, na maandishi yake nitayachora kwa brashi.