Kuhamia diski kubwa: kunakili yote au kusakinisha upya?

Kunakili diski nzima huhamisha Windows, programu na mipangilio kama ilivyo. Ila usishtuke diski mpya ya TB 2 ikionyesha GB 500 zilezile za diski ya zamani: nafasi iliyobaki ipo, haijagawiwa tu. Ipanue C, yaani sehemu yenye Windows, ichukue nafasi hiyo. Mara nyingi sehemu ya urejeshaji (recovery partition, ya kurekebisha Windows ikiharibika) hukaa katikati ikazuia, basi isogeze kwanza. Na ikiwa mpangilio ulionakiliwa kutoka diski ya zamani ni MBR (mfumo wa zamani wa kugawa diski), kinachozidi TB 2 hakitatumika mpaka ugeuze uwe GPT, mfumo mpya zaidi.

Kusakinisha upya kunachosha zaidi, hasa kurudisha programu na leseni zake. Lakini diski ya zamani ikiwa imeanza kuharibu faili, mimi nasakinisha upya bila kusita, maana kunakili huhamisha na ubovu. Kwa njia yoyote, faili muhimu zihifadhi kwanza kwenye diski ya tatu.