MNE-Python kwa kusafisha mawimbi ya ubongo: uzoefu wangu

Bei kwanza: bure. Ni programu huria inayoendeshwa ndani ya Python. EEGLAB, programu nyingine ya kazi hii hii, nayo ni ya bure, ila imejengwa juu ya MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, na leseni ya MATLAB si ya mfuko wangu.

Ninachohangaika nacho ni kuifanya kompyuta itambue kama mtu anawaza kusogeza mkono wa kushoto au wa kulia. Dalili yake ni mdundo wa mawimbi ya ubongo wa hezi (mizunguko kwa sekunde) 8 hadi 13 unaofifia upande wa kichwa ulio kinyume na mkono huo. Mdundo wenyewe ni mikrovolti chache. Mtu akipepesa macho tu, elektrodi (vihisi vya umeme vinavyobandikwa kichwani) za kwenye paji la uso zinaruka mikrovolti mia na zaidi.

Nilijifunzia kwenye data ya PhysioNet, hazina ya mtandaoni ya data za kitabibu: watu 109, elektrodi 64. Programu inaipakua yenyewe, kwa hiyo anza na watu wachache, bando lisikuishie. Ilirekodiwa Marekani, hivyo mvumo wa umeme wa ukutani unaoingia kwenye rekodi uko hezi 60, wakati kwetu ni 50. Kwa mdundo huu wala haisumbui, kichujio cha hezi 7 hadi 30 kinaumaliza.

Uhondo uko kwenye ICA, yaani uchambuzi wa vijenzi huru. Inachambua mchanganyiko wa elektrodi zote na kuutenganisha katika vijenzi, kisha kila kijenzi kinachorwa kwenye ramani ya kichwa. Cha kupepesa macho hata mgeni anakitambua, kimekolea mbele kabisa. Unakiondoa, halafu unaonyeshwa mawimbi ya kabla na ya baada kwa pamoja. Hapo ndipo iliponinasa, kwa sababu naona ninachotupa. Ila kabla ya ICA chuja kila kilicho chini ya hezi 1, la sivyo vijenzi vitavurugika. Kelele za taya nazo ni ngumu, zimetapakaa mno. Mtu akisaga meno mimi hukata kipande kizima.

Kwa baadhi ya watu, alama za modeli, yaani kiasi inachopatia mkono uliowazwa, zilishuka baada ya kusafisha, na nikazipokea kwa furaha. Katika jaribio lile la PhysioNet shabaha hutokea kushoto au kulia mwa kioo cha kompyuta, na macho huelekea huko huko. Modeli iliyolishwa mawimbi machafu, hasa yale ya polepole, inaweza kuwa inasoma macho huku wewe unasifia ubongo. Aliyepooza hadi macho hayageuki hatafaidika na modeli hiyo.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ICA yake ni ya rekodi zilizokwisha. Ukitaka papo kwa papo, itabidi uifundishe kwenye rekodi ya mwanzo, kisha uandike msimbo wako wa kuitumia kwa mawimbi yanayoingia. Na kama kofia yako ina elektrodi nane kama yangu, vijenzi havitazidi nane, macho na ubongo vitabanana humo humo. Tumia kichujio, na mwombe mhusika atazame katikati ya kioo.