Zawadi ya bosi anayehamishwa: doti ya khanga au kahawa?

Bosi wetu, mama mmoja mpole, anahamishiwa mkoa mwingine, na kundi letu la WhatsApp limegawanyika: khanga au kahawa.

Khanga ina heshima yake. Ni doti, vipande viwili. Inavaliwa, inabeba mtoto, na haiishii siku ya sherehe. Tatizo ni jina. Kila khanga ina maneno yake, na wanawake wa Pwani wamesemana kwa maneno hayo miaka mingi bila kufungua mdomo. Ukimpa bosi iliyoandikwa "Wema hauozi", umemshukuru. Ukibeba harakaharaka kwa sababu rangi imekuvutia, kumbe imeandikwa "Hasidi hana sababu", utaeleza nini mbele ya idara nzima? Anayetumwa dukani asome kwanza, rangi baadaye. (Bosi akiwa mwanamume, mtafutieni kikoi.)

Kahawa haina mafumbo. Pakiti mbili za arabika ya Kilimanjaro na kikombe kizuri, basi. Ila asiyeinywa ataigawa kwa wageni, na anayeinywa ataimaliza mwezi huohuo.

Mimi niko upande wa khanga, lakini iwe ya mchango wa wote. Zawadi ya mtu mmoja kwa bosi huzaa minong'ono, hata kama huna nia ya kujipendekeza. Na kwa walio serikalini, kuna kanuni za maadili kuhusu zawadi. Muulizeni afisa utumishi kabla hamjaanza kukusanya hela.