"Novice" au "rookie"?

Maneno haya mawili ya Kiingereza humtaja mgeni wa kazi, lakini hayabadilishani nafasi kirahisi. "Novice" lina asili ya Kilatini na lilipitia Kifaransa. Wakatoliki wetu wanalijua kwa sura ya novisi: aliye kwenye malezi ya utawa kabla ya nadhiri za kwanza, kwa miezi 12 au zaidi. Nje ya utawa ni yeyote asiye na ujuzi, iwe jikoni au kwenye usukani.

"Rookie" ni la kambini na uwanjani: kuruta, polisi mpya, mchezaji wa msimu wa kwanza. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1947 Jackie Robinson alipewa tuzo ya "rookie" bora wa ligi kuu ya besiboli Marekani akiwa na miaka 28, na tayari alishachezea timu za Kansas City Monarchs na Montreal, nje ya ligi hiyo. Ugeni ulikuwa wa ligi, si wa mchezo. Kumwita "novice" kungekuwa kichekesho.

Kumtania mwenzako mpya ofisini, mimi ningechukua "rookie", lina uchangamfu. Kwenye fomu ya kozi ya lugha acha yote mawili, andika "beginner".