Meza ya vitabu vya mtumba Majengo: kitabu cha Lincoln elfu nane, ila hesabu kurasa

Nilimuahidi huyu kijana ntamuandikia rivyu so naandika, japo kuna kitu kimeniudhi ntakisema. Meza yake haiko mbali na soko la Majengo, ina turubai la bluu, vitabu vingine viko kwenye maboksi chini, na ukifika mchana vumbi la Dodoma limeshakaa juu anakipangusa kwa tisheti yake kwanza ndo akupe. Nilienda kutafuta fizikia ya dogo wa kidato cha pili nikaondoka na kitabu kinene cha Kiingereza cha maisha ya Abraham Lincoln, alianzia elfu kumi na tano tukamalizana elfu nane.

Sasa mi Lincoln nilikuwa namjua yule wa kwenye kufuta utumwa na kupigwa risasi 1865, kumbe jamaa alishakuwa mbunge wa kipindi kimoja tu cha miaka miwili, vikao vyenyewe Desemba 1847 mpaka Machi 1849, katokea Illinois. Uchaguzi wa 1846 alimbwaga mhubiri wa Kimethodisti, Peter Cartwright. Kafika Washington kapanga kwa mama mmoja, Bi Sprigg, karibu na Bunge, wanakula meza moja na wabunge wenzake, nilicheka maana hiyo ni Area D ya hapa Dodoma kabisa wakati wa bunge la bajeti. Hata hela za safari zipo! Horace Greeley, mwenye gazeti, alichapisha mbunge gani kachukua shingapi ya nauli akilinganisha na njia fupi ya posta, na Lincoln yumo kwenye orodha.

Ila kilichoninasa ni vita ya Marekani na Mexico. Rais Polk kasema damu ya Wamarekani imemwagwa kwenye ardhi yao, huyu mgeni hajamaliza hata mwezi bungeni anasimama anamwambia haya tuonyeshe hapo mahali penyewe ni wapi. Polk hakumjibu mpaka mwisho na wapinzani wakambatiza Lincoln jina la Spotty, maana "spot" kwa Kiingereza ni mahali. Niko hapo kijasho kinanitoka, nageuza ukurasa, hamna! Kurasa kama ishirini zimechomoka, nikadondokea 1849 jamaa anatafuta ukamishna wa ardhi anaukosa, afu anasajili hataza (patent) ya kifaa cha kunyanyua boti zikikwama kwenye mchanga, rais pekee wa Marekani aliyewahi kuwa na hataza. Kwa nini hakugombea tena nilienda kusoma kwenye simu: wenzake wa chama cha Whig jimboni walikuwa na utaratibu wa kupokezana kiti, akampisha Stephen Logan, na Logan akaanguka. Jaribu kumwambia mtu huku kwetu ampishe mwenzake jimbo uone.

Nikamrudia kijana nimekasirika kweli. Akakikagua, akasema "kaka nisamehe, boksi likifika mi napanga tu sikagui kurasa", akanipa nichague, nibadilishe au anirudishie elfu tatu. Nikachukua elfu tatu na kitabu nikabaki nacho, siwezi kukiachia. Gundi aliweka bure pale pale, jalada limeshika.

Nampa nyota nne. Nendeni asubuhi kabla upepo haujaanza, na msilipe kabla hamjafungua katikati. Fizikia hana, kasema nipite Jumamosi.