Mwembe uliooza ndani, ua usio na nafasi: uzoefu wangu na mafundi walioushusha

Mwembe wetu ni dodo. Babu ndiye aliyeupanda, na sisi wote tumekulia chini yake hapa Magomeni. Baada ya masika yaliyopita uyoga mgumu, mpana kama sahani, ulijitokeza shinani, tukaudharau. Mwezi wa nane tawi nene kama paja likadondoka mchana kweupe, hakuna hata upepo, likatua pale watoto wanapochezea. Siku hiyo walikuwa shule, Alhamdulillah.

Uani kwetu hakuna pa kuangushia mti. Huku bati la kwetu, kule ukuta wa jirani, katikati karo, juu waya wa umeme unaoingia nyumbani. Uchochoro wenyewe kirikuu haipiti, sembuse gari la kreni.

Fundi wa kwanza alikuja na shoka na kamba ya katani. Laki tatu na nusu, anapanda asubuhi, saa sita kamaliza. Nilishaanza kukubali. Mama ndiye aliyekataa: "Mwanangu, huyu hata kuugusa mti hajaugusa. Amejuaje kama utambeba?"

Kikosi cha pili walitaka 1,400,000 kwa watu watano, siku mbili. Nilishtuka, sikatai. Lakini msimamizi wao alitumia karibu saa nzima akiukagua tu. Alizunguka shina akiligonga kwa nyundo ya mbao. Mbele lililia ko, ko, kavu. Alipofika nyuma, penye uyoga, sauti ikageuka: bu, bu, kama ngoma iliyolegea. Akachukua keekee yenye ncha ndefu nyembamba, akatoboa. Ulitoka unga mweupe, kisha wa kahawia, wenye maji, unanuka udongo. Kwenye sentimita 9 keekee ikazama yenyewe. Shina lina kipenyo cha sentimita 90. Kipimo chao ni kwamba mbao nzima, isiyooza, ikipungua chini ya theluthi ya umbali wa kutoka gome hadi kiini, mti hauaminiki tena. Kwetu ilitakiwa isipungue 15.

Akaniambia, "Dada, huu hatufungi kamba ya mtu wala ya mzigo." Neno hilo ndilo lililonifanya niwape kazi.

Pa kufungia kamba alichagua mkwaju wa jirani, mita kama tano kutoka hapo, mzima na mrefu kuliko mwembe. Nikaenda na mama kumwomba Bibi mwenye mkwaju ruhusa, akatukubalia, ila wasiuchune mti wake. Wakauvika magunia. Kibali tulianzia serikali ya mtaa tukamalizia manispaa, na TANESCO wakaja kuushusha waya asubuhi ya kazi. Msianze kabla ya hayo.

Mpandaji alikuwa kwenye mwembe, lakini kamba ya uhai wake ilining'inia mkwajuni, na za kushushia matawi pia. Mwembe ungevunjika, yeye angebaki anabembea hewani badala ya kwenda nao chini. Alikata vipande vifupi, kila kimoja akianza na mkato wa chini ndipo wa juu, gome lisichanike likamvuta. Nilimuuliza msimamizi kwa nini wasikate virefu wamalize mapema. Gogo bichi lenye unene wa sentimita 60 na urefu wa mita moja linakaribia robo tani, alisema, na likidondoka kidogo tu kabla ya kamba kukaza, mshtuko wake ni mara kadhaa ya uzito huo. Kijana wa chini alizungusha kamba mara tatu kwenye shina la mkwaju na kuiachia taratibu, inalia kama mlango mkavu. Kila kipande kilitua juu ya matairi makuukuu. Mfuniko wa karo ulilazwa mbao nene. Shina lenyewe walilikata siku ya pili kutoka kwenye jukwaa la mabomba lililosimama peke yake, bila kuuegemea mti.

Bati halikuguswa. Ukuta haukupata ufa.

Yaliyoniudhi ni mawili. Siku ya kwanza kibarua mmoja alipita chini ya mpandaji bila kofia ngumu. Nilipaza sauti, msimamizi akamtoa eneo la kazi. Lakini nisingepaswa kuwa mimi wa kumwona kwanza. La pili, magogo yalikaa uchochoroni siku tatu kabla toyo haijaja kuyasomba, majirani wakinung'unika, na bei ilikuwa pamoja na usafi.

Tuliomba kipande kimoja cha shina tukiweke. Mama aliingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akautoa na udongo mweusi na mchwa. Upande mmoja mbao nzima ilikuwa sentimita 8 tu. Akakaa kimya kidogo, akakumbuka tawi lile na watoto, akaniambia niwaongezee vijana hela ya soda.

Kisiki bado kipo, hakikuwa kwenye bei. Wa kukitoa nitawaita haohao, ila magogo safari hii nitataka yaondoke siku ileile kabla sijamaliza malipo.